Mbuzi Kumi na Fimbo Moja

Mimi nilisoma primaire tu, mpaka mwaka ya sita. Mambo ya mimea yenye nilifundishwa pale iko mbili: muti iko na mizizi, na hapana kukojolea maua ya directeur. Ingine yote nilifundishwa na mbuzi kumi, ku njia ya miguu ya kutoka Butembo mpaka karibu na Mangina, siku tatu, wakati ya vita.

Zile mbuzi zilikuwa mahari yangu. Nilikuwa kijana wa Kimemi, mutaa ya Butembo, mwenye mudomo mingi na suruali moja, na nilikuwa nimepata muchumba kule Mangina. Bazazi ya pande mbili balikuwa bamesikilizana: mbuzi kumi, na ya kumi iwe dume kubwa yenye ndevu, juu ile ni ya sokulu, yaani babu ya binti. Siku ya kuzileta ilikuwa samedi, yaani jumamosi. Halafu baba yake akatutumia neno na mama mumoja wa kuuzisha mafuta ya ngazi, ule muti ya mawese: kama samedi inapita bila mbuzi, tusimulaumu, juu kuko kijana mwingine mwenye mbuzi yake iko palepale Mangina, haina hata safari ya kufanya.

Sasa barabara. Ule wakati, kutoka Butembo kupita Beni, bariere zilikuwa mingi kuliko bidon ku robinet ya maji, na kila soda, yaani askari wa bariere, alikuwa anapenda nyama. Ungetoka na mbuzi kumi na ungefika na kamba kumi. Donc bazee bakakata: tupite njia ya miguu, tutelemuke Kalunguta, halafu tukate pori.

Kwetu, kijana mwenye kuoa hapana kusindikiza mbuzi yake. Anabaki nyumbani, anajifanya hana haraka. Lakini ile juma bazee yote baliangalia magoti yao na bakaona zinauma. Akabakia baba mudogo peke yake, mudogo wa baba yangu, mutu wa kanisa ya Baprotestanti, mwenye kuvaa bote, vile viatu virefu vya matope, mbili zote za kushoto, juu njo zilikuwa zimebakia mu soko. Ukifuata nyayo yake mu matope utafikiri ni mutu anazunguka.

"Wewe njo unataka muke," akaniambia. "Wewe njo utavuta."

Kitu ya kwanza yenye mbuzi zilinifundisha: mbuzi hazitembei. Mbuzi zinakula, na wakati zinakula zinasogea kidogo. Kama unataka kujua mimea yote ya njia, usitafute kitabu, funga mbuzi kamba. Kule juu, mu baridi ya Butembo, zilinusa mikalitusi, zikapiga chafya, zikakataa. Zikakataa na fougère, yale majani ya kivuli yenye kukatika kama manyoya. Tulipotelemuka na jua ikaanza kuuma mugongo, zikakuta matete na zikasahau kama kuko arusi. Majani ya viazi mu shamba ya batu zilikula haraka sana, na sisi tulikimbia haraka zaidi.

Mu pori kule chini ya Kalunguta kuko kale kajani ka miiba kenye kanajifunga ukikagusa, kama mutoto anajifanya amelala. Dume ya ndevu ikapeleka mudomo. Majani yakajifunga. Ikaruka nyuma, ikaniangalia. Ikajaribu kajani kengine. Kakajifunga. Ikaniangalia tena, kama vile ni mimi njo nilikuwa ninafunga.

"Baba mudogo," nikasema, "hii mbuzi inanizania muchawi."

"Inakuzania muvivu. Vuta."

Siku ya pili tuliingia mu miti ile mikubwa, yenye jua haifike chini. Panga hatukubeba. Ule wakati, kijana mwenye panga mu pori, kila mutu mwenye bunduki anataka kujua uko upande gani, na kila jibu ni mubaya. Nilikuwa na fimbo yangu tu ya nyumbani. Tulikuwa tunaenda kimya, baba mudogo mbele, mimi nyuma, mbuzi katikati zinapasua majani. Mara tukasikia kitu juu: vuu, vuu, vuu, vuu. Kinakuja.

"Lala!" baba mudogo akaniambia.

Tukalala tumbo chini mu matope. Baba mudogo alikuwa anaomba na sauti ya chini, mu Kinande, luga yetu, juu Mungu wake anasikiaka Kinande mbio zaidi. Vuu, vuu, vuu. Mbuzi zilibakia zimesimama, zinatafuna, zinatuangalia sisi bakubwa wawili tumelala mu njia. Nikainua jicho moja. Juu ya muti kulikuwa ndege mbili nyeusi na nyeupe, kila moja na mudomo mukubwa kama kiatu, na juu ya mudomo imebeba mudomo ingine. Ni mabawa yao njo yalikuwa yanapiga ile makelele.

"Baba mudogo," nikamuambia, "hélicoptère imetua. Inakula matunda."

Akasimama pole pole, akapangusa kofia yake, akasema: "Nilikuwa ninaomba hata hivyo. Ilikuwa saa ya kuomba."

Mbele kidogo tukaruka siafu, zilikuwa zimekata njia kama mustari nyeusi ya kalamu. Mbuzi zote zikaruka bila mutu kuzifundisha. Baba mudogo akaruka na bote ya kushoto ya kwanza, ya pili ikachelewa, na kuanzia pale alitembea haraka kuliko mbuzi, anajipiga mapaja. Halafu makako, nyani za juu ya miti, zikaanza kututupia maganda. Mimi mutu wa Kimemi, sipendake kutukanwa bila kujibu. Nikatupa fimbo yangu. Makako haikupatwa. Fimbo ikapanda, ikakamatwa na kamba za pori kule juu, ikabakia inaninginia. Labda iko pale mpaka leo.

"Umepigana na nyani," baba mudogo akasema, "na nyani imeshinda."

Bila fimbo, dume ya ndevu ikajua. Mbuzi inajuaka. Ikatembea hatua tano, ikasimama. Hatua tano, ikasimama. Tulilala kwa katekista mumoja mwenye roho ya muzuri, na samedi asubuhi tulikuwa tumebakiza kipande tu, lakini ile dume ilikuwa inatembea kama iko na mwaka muzima.

Kukaribia kijiji ya bakwe, pori inafunguka, unaona kahawa, kakao, migomba. Pale ku njia kulikuwa muti moja refu ya ngazi, imejaa bandege ya manjano yenye kushona nyumba zao mu matawi, makelele kama soko ya mercredi. Chini yake kulikuwa matungulu, yale matunda mekundu yenye inazaa chini ku udongo, mu majani marefu. Baba mudogo alikuwa ameshatangulia. Nikachuma matungulu tatu, nikapasua, nikanyonya ile nyama ya chachu, nikatupa maganda. Na hapo hapo, mu yale majani, nikaona fimbo. Imesimama peke yake, sawasawa, hakuna jani hata moja, urefu ya kiuno, na upande ya juu iko na alama mbili za panga kama mapambo.

Nikasema: Mungu huyu. Amenichongea fimbo.

Nikaivuta. Ikatoka pole, kama kitunguu ya poireau. Chini ilikuwa na tumizizi tweupe tudogo, kama ndevu ya mutoto wa shule. Nikapangusa ku suruali. Nikapiga dume ya ndevu mara moja tu ku matako, na ile dume ilitembea mpaka kwa bakwe kama inaenda kuoa yeye.

Tulipokelewa vizuri. Bamama bakapiga vigelegele, mbuzi zikahesabiwa, kumi, hakuna yenye inachechemea kuliko baba mudogo. Batu ya kanisa bakapewa maji ya ndizi, bengine bakapewa kasiksi, pombe ya ndizi. Mimi nilikaa na heshima, miguu pamoja, fimbo yangu juu ya magoti. Baba ya binti alikuwa muzee mufupi, na mabega ya mutu mwenye kupasua kuni. Alikuwa anazungumuza na baba mudogo, halafu akaangalia magoti yangu. Akaacha kuzungumuza.

"Kijana, hiyo fimbo umetoa wapi?"

"Mu pori, Tata. Mungu alikuwa ameshaichonga."

Baba mudogo akacheka. Yeye peke yake.

"Na hizo alama mbili, ni Mungu pia alikata?"

"Zinaipamba, Tata."

"Alama moja ni yangu," akasema. "Ingine ni ya jirani yangu. Kapita, mukubwa wa kijiji, njo alikata na panga yake, juma tatu zimepita. Hiyo ni muramura. Umebeba mupaka ya shamba yangu mu mikono."

Maji ya ndizi ikatoka mu pua ya baba mudogo.

Nilijua muramura, hapana kufikiri sikuijua. Munande gani hajui muramura? Njo muti yenye tunapanda ku mupaka ya mashamba, na hakuna mutu anaigusa, hata mulevi. Lakini muramura yenye mimi nilijua ilikuwa na majani marefu kule juu, kama nywele ya mutu ameamuka sasa. Hii ilikuwa kipande tu, imepandwa juzi, bado haijatoa hata sikio. Ku Kimemi mupaka ni ukuta wa matofali. Huwezi kuusahau mu mukono.

Bakatueleza. Huyu muzee na jirani yake balikuwa bamegombania ile ngazi ya bandege myaka mingi, mpaka balikuwa hawasalimiane hata ku misa. Mwisho kapita akakuja, akapima, akapanda muramura upande huu ya ngazi, upande ya nyumba ya bakwe. Donc ngazi ikawa ya jirani. Bakakubali, kila mumoja na uso yake. Halafu risasi zikasikika karibu, kapita akabeba batoto yake, akakimbilia Beni. Hakuna mwingine alipima. Ile fimbo njo ilikuwa karatasi yao.

"Mutu mwenye anang'oa mupaka," muzee akasema, "nitamupa mutoto wangu namna gani? Kesho atang'oa nini?"

  Nikaangalia kule jikoni, nikaona muchumba wangu amesimama, mikono imejaa unga. Siku tatu, hélicoptère ya mudomo, siafu, na sasa nitarudi na mbuzi kumi kupanda mulima.

Halafu nikaona uso ya muzee inaanza kubadilika pole pole, kama jani ya mugomba yenye unapitisha ku moto. Ilikuwa ngumu, ikalegea.

"Mukwe wangu," akasema. Mara ya kwanza kuniita vile. "Twende utuonyeshe ile kashimo. Umetoka mbali, jua ni kali, mutu anaweza kuchanganya. Ngazi iko na upande mbili. Fikiri muzuri."

Ku mulango tukakuta jirani ameshafika, muzee murefu, mwembamba, habari ilikuwa imemukuta mbio. Akanikamata mukono.

"Kijana," akasema, "fikiri muzuri."

Muchumba wangu akaleta maji, eti ninawe mbele ya kwenda. Akamwanga pole pole, ili tuwe na wakati.

"Ilikuwa upande gani?" akauliza na sauti ya chini.

"Upande ya kwenu. Ngazi ni ya jirani."

"Basi sema vile. Baba atakasirika siku mbili. Ukisema uongo, mimi nitakukasirikia mpaka tutakuwa bazee."

"Na yule mwenye mbuzi yake iko hapa hapa?"

"Yule? Hata kucheka hajui. Nawa, batu banakungojea."

Tukaenda, ni karibu tu na nyumba. Ku ngazi bandege ilikuwa inaendelea na makelele yake. Mbuzi kumi zilikuwa zimepita pale asubuhi, zimekanyaga kila kitu, na kamvua kadogo kalikuwa kamefuata nyuma yetu. Shimo haikuonekana. Baba mukwe akaenda kusimama kule ng'ambo ya ngazi, akapiga udongo na kisigino.

"Ilikuwa hapa, si njo?"

"Ilikuwa huku," jirani akasema, akasimama huku.

Bazee bawili bakaniangalia. Hata baba mudogo aliniangalia, na macho yake ilikuwa inasema: mbuzi kumi, mutoto wangu, mbuzi kumi kupanda mulima.

Nikaangalia chini. Ng'ambo ya ngazi kulikuwa matete tu na mavi ya mbuzi. Huku kulikuwa matungulu, na katikati ya majani, maganda matatu mekundu, palepale nilipoyatupa. Nikapiga magoti, nikaingiza kidole karibu na maganda. Kidole ikazama mpaka mwisho.

"Ni hapa, Tata," nikasema. "Upande ya kwenu."

  Baba mukwe alitembea pole pole, akazunguka ngazi, akakuja kusimama juu yangu. Akaangalia kidole yangu. Akaangalia maganda.

"Na matungulu ya shamba yangu pia ulikula?"

"Tatu tu, Tata."

Akapumua kama mutu anaweka muzigo chini. "Panda," akasema.

Nikapanda, alama mbili juu, nikakaza udongo na kisigino. Akasubiri nimalize, akakata maneno mbele ya batu bote: mbuzi amepokea, hana maneno na mbuzi. Lakini binti hatoki pale mpaka ile fimbo itoe majani. Umeitembeza ku jua, umeipigisha mbuzi, umeipangusa mizizi ku suruali. Kama imekufa, wewe njo umeua mupaka, na mbuzi zako utarudi nazo.

Baba mudogo akarudi Butembo peke yake, anazunguka. Mimi nikabakia. Kulala kwa bakwe haiwezekane, donc jirani akanipokea kwake, akanipa maharagi yenye mafuta ya ile ngazi yenyewe, akasema nikule bila haya. Nililima kwake, nilipasua kuni kwa baba mukwe, na kila asubuhi nilienda kuangalia fimbo.

Juma ya kwanza, hakuna. Ilikuwa fimbo tu. Nikaimwangia maji, nikaisalimia. "Wavukire," nikaiambia, na haikujibu. Juma ya pili nilikuwa ninajua kila mutu wa pale. Bandege ya manjano: dume njo anajenga, jike anakuja kukagua, akiona nyumba mubaya anakataa, na dume anaanza upya. Nilimuhurumia sana. Kulikuwa jongoo moja mukubwa yenye kupita kila siku ku saa moja kama mutu wa biro anaenda kazi. Kulikuwa konokono. Na kulikuwa sokulu ya binti, mwenye alikuwa anachunga dume yake ya ndevu karibu, na ile dume ilikuwa inaangalia fimbo yangu na macho yenye sikupenda. Lakini haikuionja. Labda ilikumbuka matako.

Juma ya tatu, asubuhi moja, nikafika na nikaona kijani. Juu kabisa, pale palipokatwa, jani. Ya kijani safi, imejikunja.

"Imetoa!" nikapiga makelele na nguvu yote. "Imetoa! Imetoa!"

Batu bakakimbia. Baba mukwe na kandambili moja, jirani na kijiko mu mukono, muchumba wangu na sombe, majani ya muhogo yenye alikuwa anachuma. Bote bakainama. Jani ikafungua jicho. Ikazungusha jicho moja ku baba mukwe, na ingine, upande wake, ku jirani.

Kinyonga.

Kwetu kinyonga haiguswe, batu banaiogopa. Bazee bawili bakaruka nyuma pamoja, bakagongana, bakaanguka mu matungulu, mumoja juu ya mwingine. Nikafikiri sasa njo vita ya tatu inaanza. Nikasikia jirani anacheka, kule chini. Halafu baba mukwe. Balicheka mpaka muchumba wangu alibavuta na mikono.

"Baba yako iko na mabega ya ng'ombe," jirani akamuambia binti. "Ameniumiza mbavu."

"Kula mafuta ya ngazi yako, utapona," baba mukwe akasema.

Mimi sikucheka sana. Fimbo ilikuwa bado fimbo.

Siku ine kisha, nilikuwa ninapasua kuni. Muchumba wangu akatoka ku shamba na kitunga, akapita karibu yangu, hakusimama.

"Enda uangalie," akasema.

"Iko na jicho?"

"Nimeangalia muzuri. Haina."

Nikaacha shoka. Ilikuwa kweli: pembeni ya alama ya kwanza, kajani kadogo, kamejikunja, kadogo kuliko sikio ya mwana-mbuzi. Chini yake, ku alama ya pili, kengine kalikuwa kanasukuma ganda. Baba mukwe akakuja, akakagusa na kidole moja, akaita jirani, jirani akakagusa na yeye. Bakaangaliana.

"Basi," baba mukwe akaniambia. "Beba muke yako. Fimbo inabakia."

Tulirudi Butembo na miguu, ile njia yetu, mimi na yeye na bashangazi bawili. Kupanda ni kubaya, udongo inateleza, na kila mara nilikuwa ninanyoosha mukono ku kafimbo fulani pembeni ya njia.

"Acha," muke yangu anasema.

"Mais hii ni muti ya pori tu."

"Acha."

Ndege ya mudomo ikapita juu, vuu, vuu, vuu, na safari hii tuliinua vichwa tu. Nikafika Kimemi mikono mitupu, matope mpaka ku magoti, mutu wa kwanza wa Butembo kupanda ile milima yote bila fimbo.